KARIBU KILICHOPO: JE, TUNAMPIKIA MGENI AU TUNAYAPIKIA MACHO YAKE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayewalisha waja wake bila kuwadai malipo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Sisi wa Luano tunaishi karibu na uwanja wa ndege. Kila siku tunasikia ndege ikishuka juu ya mabati yetu, na kila ndege inamletea mtu fulani mgeni. Wengine wanakuja kwa barabara kutoka Kasumbalesa, wengine wanatoka Likasi na Kolwezi, wengine wanatoka Kasongo kwa safari ndefu. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo limo katika kila nyumba: sufuria inayowekwa motoni siku mgeni anapokuja. Swali langu ni hili: chakula kile tunampikia mgeni, au tunayapikia macho yake?

Angalia, ndugu yangu, yanayotokea nyumbani kwako. Habari ikifika kwamba kesho kuna mgeni, ufunguo wa bife unatafutwa. Zinatolewa sahani za maua ambazo watoto hawaruhusiwi kuzigusa mwaka mzima. Sombe iliyokuwa inachemka inaondolewa motoni na kufichwa nyuma ya nyumba kama mtoto aliyefanya kosa. Mbabula ya pili inaazimwa kwa jirani, maana moja haitoshi kwa wali, kuku na chai. Kuku anatafutwa, mchele unatafutwa, soda zinatafutwa. Na mgeni akiisha kukaa na kunawa mikono, baba mwenye nyumba anamwambia kwa unyenyekevu: "Karibu, ule kilichopo."

Kilichopo! Ndugu zangu, mara ngapi tumelisema neno hilo na likawa si kweli? Kilichokuwepo ni ile sombe iliyofichwa. Kilichoko mezani hakikuwepo; kimekopwa.

Nitawaambia kisa changu mwenyewe, maana si haki imamu kuhesabu makosa ya watu akayaacha yake. Nilikuwa na mwenzangu tuliyesoma naye chuoni utotoni, tukiandika kwenye ubao mmoja. Maisha yalituleta wote wawili Lubumbashi, mimi huku Luano, yeye upande wa Katuba. Siku moja alinipa habari kwamba atakuja kunitembelea. Mfukoni sikuwa na kitu. Wiki ile nyumbani tulikuwa tukila bukari na lenga-lenga. Lakini nikajiambia: huyu ni mtu wa chuo kimoja nami, atasema nini akikuta mwalimu anakula majani? Nikachukua kuku na mchele kwa deni. Mama watoto akaazima sahani kwa jirani, akapika tangu alfajiri. Mwenzangu akaja, akala kidogo, akashukuru sana, akaenda.

Deni lile nililipa kwa zaidi ya miezi miwili. Siku zile nilikuwa nikipita njia ya nyuma nisionane na mwenye kunidai, nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu habari ya amana. Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni kwamba mwenzangu hakurudi tena. Miaka saba ikapita. Tukaja kuonana katika mazishi, nikamlaumu: "Ndugu yangu, nilikukosea nini?" Akacheka kidogo, halafu akainamisha kichwa. Akasema: "Hukunikosea. Siku ile nilipoona kuku na wali na zile sahani, nilijua kwamba siwezi kukualika kwangu. Wanangu wanakula bukari na lenga-lenga. Niliona haya."

Fikirini, ndugu zangu. Watu wawili walikuwa wakila mboga moja, kila mmoja akimficha mwenzake, na kwa ajili ya hayo wakapotezana miaka saba. Watoto wetu wamekua bila kujuana. Kuku wangu wa deni ndiye aliyemfungia ndugu yangu mlango.

Baadaye nikakumbuka kwamba wema waliotangulia walikwisha kuliona jambo hili. Fudhayl bin Iyadh, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema maana yake kwamba watu hukatana kwa sababu ya kujikalifisha: mmoja humwalika ndugu yake akajitesa kwa ajili yake, na kule kujitesa ndiko kunakomzuia yule mwingine asirudi. Imamu Ghazali ameitaja maana hiyo katika Ihyaa, alipozungumzia adabu za kula. Nilikuwa nimeisoma. Kusoma ni jambo moja, na kuliona jikoni kwako ni jambo jingine.

Sasa atasimama mtu aniambie: "Shehe, unataka tuwe mabahili? Je, Mtume (s.a.w.) hakuamrisha kwamba mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho amkirimu mgeni wake? Na Nabii Ibrahim (a.s.) hakuchinja ndama?" Umesema kweli, ndugu yangu. Basi hebu tukitazame kisa hicho cha Ibrahim kwa makini, maana wengi tunakumbuka ndama tu na kuyasahau mengine.

Kisa kimo katika Surat Hud na katika Surat Adh-Dhariyat. Wageni wasiojulikana walimfikia Ibrahim, wakatoa salamu, naye akawajibu. Kisha akaondoka polepole, bila kuwatangazia, akaenda kwa watu wake, akaleta ndama aliyenona, aliyechomwa. Akawasogezea karibu, akawakaribisha wale. Tazama mambo matatu hapo. La kwanza, hakuwauliza kama wana njaa, wala hakuwaambia, "Ngojeni niwachinjie." Aliondoka kimya, ili mgeni asione taabu yake. La pili, hakukawia. Alikwenda kwa watu wake, si kwa mkopeshaji, akaleta kilicho karibu. La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote: wageni wale hawakula! Walikuwa ni malaika, na mikono yao haikukifikia chakula. Ndama yule aliyetajwa katika Qur'ani mpaka siku ya Kiyama, mgeni hakumwonja hata kidogo, wala hatukusimuliwa kwamba kuna aliyemsifia upishi wake.

Basi kama thamani ya karamu ingekuwa katika kushangaa kwa mgeni, karamu ya Ibrahim isingekuwa na thamani yoyote. Lakini Mwenyezi Mungu amewaita wale wageni waliokirimiwa. Walikirimiwa ingawa hawakula. Hapo tunafahamu kwamba ukarimu upo katika moyo na mkono wa mwenye nyumba, haupo katika ulimi wa mgeni wala katika macho yake.

Sasa tazama kisa cha pili, cha Salman al-Farisi (r.a.), sahaba mkubwa. Watu wawili walimtembelea, akawawekea mkate na chumvi. Akawaambia kwamba lau Mtume (s.a.w.) asingetukataza kujikalifisha, angejikalifisha kwa ajili yao. Mmoja wa wageni akasema ingependeza kama chumvi ile ingekuwa na saatari ndani yake, yaani majani yenye harufu nzuri. Salman akachukua chombo chake cha maji ya kutawadhia, akakiweka rehani kwa mwenye duka, akaleta saatari. Walipokwisha kula, mgeni yule akamhimidi Mwenyezi Mungu aliyewakinaisha kwa riziki aliyowapa. Salman akamjibu kwamba lau angekinai kwa alichoruzukiwa, chombo chake kisingekuwa rehani dukani.

Ndugu zangu, ni vyombo vingapi vya Waislamu wa mji huu viko rehani kwa ajili ya wageni? Wako walioweka rehani simu, wako waliouza sufuria, wako walioingia katika mkopo wa riba wa mtaani, ule watu wanaouita Lambert, unachukua kidogo na kurudisha kingi. Mtu anakopa kwa riba, iliyoharamishwa wazi, ili alishe watu ambao nyumbani kwao walikuwa wamekwisha kula! Kwa ndoa ndiyo tunazidi. Walima ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alimhimiza Abdurrahman bin Awf afanye walima ijapokuwa kwa kondoo mmoja. Lakini yeye mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya (r.a.), wakati wa kurudi kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, walima wake haukuwa na mkate wala nyama. Lilitandikwa ngozi, zikawekwa tende, samli na maziwa makavu. Kwa vyakula hivyo harusi ya Mtume ilitimia. Na ametuonya kwamba chakula kibaya ni cha walima ambao matajiri wanaalikwa na maskini wanaachwa.

Je, Ibrahim na Salman wanapingana, huyu na ndama, huyu na chumvi? Hapana. Wote wawili wamefanya jambo moja. Ibrahim alikuwa na mifugo, akatoa kilichopo. Salman alikuwa na mkate na chumvi, akatoa kilichopo. Kipimo si ukubwa wa sahani. Kipimo ni kwamba neno "karibu kilichopo" liwe kweli.

Na hapo bahili asifurahi. Mwenye nyama nyumbani akampa mgeni chumvi huku akimtaja Salman, huyo naye amesema uongo, maana kilichopo amekificha. Yule wa kwanza anaonyesha asichokuwa nacho, huyu wa pili anaficha alichonacho. Katika Surat Al-Kahf tunasoma habari ya mji ambao Nabii Musa (a.s.) na mwenzake waliwaomba watu wake chakula, wakakataa kuwapokea. Hakuna Muislamu anayetaka kufanana na watu wa mji ule.

Liko swali gumu zaidi, na mwenye akili ataniuliza. Ataniambia: "Vipi yule sahaba wa Madina aliyempokea mgeni, na nyumbani hakuna ila chakula cha watoto? Mkewe aliwalaza watoto, taa ikazimwa, wakajifanya wanakula ili mgeni ashibe. Je, huko si kujitesa? Na Mwenyezi Mungu amewasifu." Ndiyo, amewasifu. Lakini tazama tofauti. Mgeni yule alikuwa na njaa ya kweli. Hakuwa mtu aliyekuja kwa salamu na kuangalia mapazia. Hawakukopa. Baba na mama walipatana, wala si baba aliyeamrisha kutoka barazani huku mama akitafuta pa kukimbilia. Na watoto, wanazuoni kama Imamu Nawawi wameeleza kwamba hawakuwa na njaa ya kuwadhuru, maana mtoto mwenye njaa ana haki kabla ya mgeni. Tena zaidi ya yote, walizima taa! Sisi tunawasha taa ili mgeni aone tulivyompikia, na wao walizima ili asione walivyojinyima. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kujitolea na kujionyesha.

Basi tuulize: karamu ya kujionyesha inalipwa na nani? Ya kwanza kulipa ni mama aliye jikoni. Yeye ndiye aliyeamka usiku, yeye ndiye aliyeinama juu ya moshi, na sifa zikija baba ndiye anayezipokea mezani. Chumvi ikizidi, lawama ni yake. Wa pili ni watoto, wanaokaa kando wakingojea mifupa. Mtoto anayeona kuku anapikwa kwa ajili ya wengine tu, na sahani nzuri zimefungiwa mbali naye, anajifunza kwamba wageni wana thamani kuliko yeye. Wa tatu ni jirani anayesikia harufu ya pilau na hapati kitu. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani zake. Hakumwambia aongeze nyama, kwa kuwa si kila mtu anayo. Alimwambia aongeze maji, na maji kila mtu anaweza kuyaongeza. Na wa nne ni miti ya miombo. Makala yetu yanatoka porini, yanaletwa mjini kwa magunia juu ya baiskeli, na kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi. Kuwasha mbabula tatu kwa sahani tano ambazo nusu yake itamwagwa ni israfu, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye israfu.

Sasa utaniuliza: nifanye nini mgeni akija? Sikuambii umlishe ovyo. Kukirimu ni kupika vizuri kile ulichonacho. Chakula chetu cha kila siku kina heshima yake kikipewa bidii. Sombe ikitwangwa vizuri kwenye kinu, ikachemshwa kwa muda mrefu mpaka ukali wake wote umetoka, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu, kisha ikatiwa karanga za kusaga, kitunguu na mafuta ya mawese, ni nani atakayeikataa? Unga ukichungwa, maji yakachemka sawasawa, mwiko ukageuzwa kwa nguvu mpaka hakuna kidonge, bukari ile inampendeza hata tajiri. Kapenta wakaoshwa mchanga wote, wakakaangwa mpaka wakauke, wakawekewa nyanya na pilipili pembeni, hicho ni chakula cha mgeni. Samaki wa moshi wa Kasenga akitiwa katika mchuzi wa karanga, utamwona mtu mzima anaufuta mchuzi kwa tonge la mwisho.

Wala usidanganyike kwamba unahitaji vyombo vingi. Sufuria moja nzito yenye kifuniko chake, kisu kilichonolewa, kinu, chungio na mwiko, vinatosha kwa karibu kila chakula chetu. Sufuria ikifunikwa inahifadhi makala. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva upesi. Siku ya delestaji resho yako haina kazi, lakini mbabula na subira vinafanya kazi yake. Na zile sahani za bife, zitoeni, mle nazo pamoja na watoto wenu. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza vyombo vya dhahabu na fedha; sahani ya kauri si haramu, lakini chombo kinachomngoja mgeni tu huku wenye nyumba wanakula katika mabakuli yaliyopasuka, kimekuwa cha fahari.

Kama una wasiwasi, jiulize maneno matatu kabla ya kuwasha moto. Je, mgeni huyu akirudi wiki ijayo, nitafurahi au nitaogopa? Je, yeye akiisha kula kwangu, ataweza kunialika kwake bila haya? Je, watoto wangu na jirani yangu watapata fungu lao? Ukijibu vizuri, pika, hata kama ni ndama. Usipoweza kujibu, rudisha kuku wa deni, uifunue ile sombe.

Nanyi mnaokuwa wageni, na sisi sote ni wageni siku moja, msiwe kama yule aliyeomba saatari. Mtume (s.a.w.) aliwauliza watu wa nyumbani kitoweo, wakasema hakuna ila siki. Akaiomba, akawa anaila na kuisifu kwamba ni kitoweo kizuri. Jabir bin Abdillah (r.a.) ndiye aliyepokea habari hiyo. Sifu kilichopo, ndugu yangu. Ukimsifu mwenye lenga-lenga kwa ukweli, umemfungulia mlango wa kukualika tena. Tena usikae mpaka ukamchosha mwenyeji: haki ya mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Mtume (s.a.w.) amekataza mgeni akae kwa ndugu yake mpaka akamtia dhambini, naye hana cha kumlisha.

Nimalizie kisa changu. Baada ya mazishi yale nilimwambia mwenzangu: "Alhamisi njoo." Akaja. Mama watoto akaniuliza apike nini, nikamwambia: "Kile tulichokusudia kula." Akaniangalia sana, kisha akaenda akapika bukari na lenga-lenga, akaongeza karanga. Tulikula katika sahani moja, mikono mitatu minne pamoja na watoto. Mwenzangu alikula mpaka akalegeza mkanda. Alhamisi iliyofuata nilikwenda Katuba kwake, nikakuta bukari na lenga-lenga, na mkewe alikuwa ameutilia mchuzi nyanya chungu, akanifundisha. Tukaendelea hivyo mpaka yeye alipohamia Maniema. Ile miaka saba haikurudi.

Kwa hiyo, ndugu Muislamu unayesoma karatasi hii, yupo mtu ambaye hukumwona siku nyingi kwa sababu huna cha kumpikia. Mwite. Mwite wiki hii, kabla hujapata kuku. Na akiketi, mwambie "karibu kilichopo", na safari hii neno lako liwe kweli.

Ee Mwenyezi Mungu, bariki katika riziki uliyotupa, utulinde na ubahili na utulinde na riya. Utufungulie milango ya ndugu zetu, uwafungulie wao milango yetu. Walipe mema wale wanaotupikia kwenye moshi. Uwape chakula walio na njaa katika mji huu na katika nchi yetu yote, na utupe amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali usiitupe karatasi hii wala usifungie nayo bidhaa. Ina majina matukufu. Ukiisha kuisoma, msomee aliye jikoni, kisha mpe jirani.